Sahihi Yangu Kwenye Barua ya Shija

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naacha chakula na kutazama pembeni. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na mimi nimevaa viatu vya mgodini, vile vyenye chuma kwa mbele, vya mtumba, natembea katikati ya soko la Segese kama mtu aliyeachiwa soko hilo na babu yake. Kazi sikuwa nimepata. Nilikuwa nimeitwa tu kwenye usaili, intavyuu kama mnavyosema ninyi. Lakini ungeniuliza asubuhi ile unafanya kazi wapi, ningekujibu mgodini, bila hata kupepesa macho.

Kabla sijaendelea, ujue anayekuambia ni nani. Mimi ni Maganga, baba Doto. Ukipita barabara ya kwenda mgodini ukaona uwanja wenye karasha nne zinasaga mawe mpaka majani ya jirani yamekuwa meupe kwa vumbi, hapo ni kwangu. Fuso mbili zinazobeba mawe ni zangu. Darasa la saba nilimaliza, sikufaulu, na sikurudi kuuliza kwa nini. Leo watu wenye digrii wananipigia simu na shikamoo yao inatangulia kabla sijasema haloo. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Lakini mali hii yote haijaniondolea kitu kimoja: namwonea wivu mtu anayeitwa Shija. Nilimwonea wivu nikiwa kijana, na hata wiki iliyopita nilipokutana naye pale kituo cha mafuta, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, nilihisi kitu kinanibana hapa chini ya mbavu. Kwa hiyo usinisikilize kama mtu aliyepona. Nisikilize kama mtu anayeujua huo ugonjwa.

Mimi na Shija tulichunga pamoja, tukaingia duarani pamoja. Duara, kwa wewe uliyekulia mjini, ni shimo la wachimbaji wadogo. Unashuka kwa kamba, kuta zimezuiwa kwa magogo tunayoyaita matimba, na huko chini unaufuata mwamba wenye dhahabu popote unapokwenda. Tulikuwa na desturi yetu kule. Udongo ukidondoka, au timba likilia, hukimbii. Unainua macho, unasikiliza kidogo, unaendelea kugonga. Anayekimbilia kamba anapewa jina, na jina hilo anazeeka nalo.

Shija alikuwa anakimbia. Tena hakimbii kimya kimya. Timba likitoa mlio kidogo tu, yeye yuko kwenye kamba anaita, "Tokeni, tokeni jamani," mpaka zamu nzima inapoteza nusu siku. Tulimwita Kamba.

"Kamba, leo umesikia nini?" namuuliza mbele ya watu. "Panya kakohoa?"

"Cheka tu, nkoi," ananijibu. Nkoi kwetu ni rafiki. "Mimi mama ananisubiri na ugali."

Mimi sikuwahi kukimbia. Kuna siku wenzangu wote walipanda juu, mimi nikabaki chini peke yangu mpaka nikajaza kiroba cha mwisho. Nilipotokeza kichwa walinibeba mabegani. Habari ile ilifika mpaka kwa baba yake Kabula, binti niliyekuwa nataka kumuoa, na mzee akaanza kunikaribisha kiti badala ya kigoda.

Basi mgodi mkubwa ukatangaza nafasi za wasaidizi wa kazi za chini ya ardhi. Zilikuwa nafasi za watu wa vijiji vinavyouzunguka. Unapeleka barua ya maombi ofisi ya kijiji, mtendaji anazikusanya na kuzipeleka. Shija ndiye aliyeniandikia barua yangu, maana mwandiko wake ulinyooka na wangu hata mimi mwenyewe ulikuwa unanisumbua kuusoma.

"Andika kwamba nina uzoefu wa kuongoza watu chini," nikamwambia.

"Wanataka wasaidizi, Maganga."

"Wewe andika. Wakishaniona watajua pa kuniweka."

Akaandika. Majina ya walioitwa kwenye usaili yalipobandikwa, tulikuwemo wote wawili. Siku kumi zilibaki, na katika siku hizo kumi, mwanangu, nilifanya ujinga wa miaka kumi.

Viatu nimeshakuambia. Lakini viatu ni jambo dogo. Duarani kila mchimbaji ana nafasi yake kwenye zamu, na nafasi hiyo ndiyo inayokupa fungu lako la mawe. Kuipata unasubiri mpaka mtu aumwe au ahame. Mimi yangu nilimpa kijana mmoja aliyetoka Kahama, nikampa na nyundo na moko wangu wa kutobolea mwamba. Msimamizi wa duara akaniangalia.

"Umeshasaini huko?"

"Karibu."

"Karibu ni lini?"

"Kaka, mimi huku sirudi. Huyu mpe."

Jioni yake nikaenda kwa baba Kabula. Nikamwambia binti yake atakaa nyumba yenye umeme, na kama ana mtu mwingine anayeleta maneno, amwambie aache. Mzee akaniuliza naanza kazi lini. Nikamjibu mwezi ujao. Angalia hapo. Mtu amepewa kiti cha kukalia aulizwe maswali, yeye ameshagawa maisha yake yote. Na Shija, aliyeitwa siku ile ile niliyoitwa mimi, alikwenda kwa msimamizi akaomba ruhusa ya siku moja. Siku moja tu. Nilimcheka mpaka nikakohoa.

Usaili ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Meza ilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke wa ofisi ya ajira, amevaa miwani, anaandika kila unachosema. Mwingine mzee mfupi mwenye kovu kwenye paji la uso, ambaye unamwona tu unajua amefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi. Niliingia nimetanguliza kifua.

Yule mwanamke akaniuliza naomba kazi gani. Nikasema usimamizi. Akatazama karatasi yake, akasema nafasi zilizopo ni za wasaidizi, kusafisha njia, kuondoa matope, kubeba vifaa, je niko tayari kwa hizo? Nikasema niko tayari, labda kwa mwezi mmoja hivi, mpaka wanizoee. Akaandika.

Kisha yule mzee akaegemea meza.

"Mko chini watu watano," akasema. "Unasikia juu kuna kitu kinalia. Mashine ya kazi imebaki mbele kule mlikokuwa mnachimba. Unafanya nini?"

Mwanangu, nilitamani Kabula angekuwa dirishani asikie. Swali lenyewe lilikuwa kama nimelitunga mimi. Nikamwambia naifuata ile mashine, natoka nayo. Nikaona hiyo haitoshi, nikamsimulia habari yote ya kile kiroba cha mwisho, jinsi udongo ulivyokuwa unanidondokea shingoni na mimi najaza tu.

"Na wenzako?" akauliza.

"Walikimbia. Mimi nikabaki."

"Uliwaambia kitu?"

"Niwaambie nini, mzee? Kila mtu na moyo wake."

Yule mwanamke aliandika muda mrefu kidogo. Nikahesabu kwamba zile ni sifa. Walinishukuru, wakasema watawasiliana nasi kupitia ofisi ya kijiji, na mimi nikatoka nikiwa nimeshika mlango kwa mkono mmoja kama mtu anayefunga ofisi yake mwenyewe.

Shija aliingia baada yangu, hakukaa sana. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza amejibu nini lile swali la mashine.

"Nimesema nawaambia wenzangu watoke, halafu natoka. Mashine nitawaambia wakubwa ilipo."

Nilisimama njiani. Nilicheka nikashika magoti. "Umekosa kazi, nkoi. Umeenda kuwaambia wazungu wa watu kwamba wewe ni mwoga."

"Walikuwa Waswahili wote wawili," akasema Shija, akaendelea kutembea.

Zikapita wiki tatu. Kungoja ukiwa na kazi ni jambo moja, na kungoja huna kitu ni jambo jingine kabisa. Shija alikuwa anashuka duarani kila siku na zamu yake. Mimi nilikuwa nazunguka Segese na viatu vyangu, na vilikuwa vimeanza kunichubua kisigino. Mama lishe wa sokoni wakawa wananiuliza, "Bosi wa mgodi, leo umepewa likizo tena?" Ukicheka nao siku ya kwanza, siku ya kumi unapita nyuma ya maduka.

Karatasi ikabandikwa siku ya Jumatatu. Ilikuwa na majina ya walioitwa kupima afya, na masharti kwamba kila mmoja alete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayothibitisha kuwa ni mkazi, ifike kabla ya Ijumaa mchana, asiyeleta atakuwa amejitoa. Nilisoma kwa kidole kutoka juu. Halafu nikasoma kutoka chini. Jina la Shija lilikuwepo. Langu halikuwepo.

Nikaingia kwa mtendaji. "Karatasi ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Ya wasimamizi."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya mtu wa ofisini ni mbaya kuliko tusi. "Ni hiyo moja tu, Maganga."

Sasa nikueleze wivu ulivyo, maana watu wanasema tu neno na hawajui lilivyo. Haukuja kama hasira. Ulikuja kama hesabu. Nililala mchana nikiwa naanza kupanga: ni nani aliyebaki chini na ni nani aliyekimbia? Ni nani aliyebebwa mabegani? Shija alikuwa na nini? Mwandiko. Nikakumbuka kwamba hata barua yangu aliiandika yeye, nikajiambia huenda aliharibu makusudi. Halafu siku ile ile nikamwona baba Kabula njiani anamsalimia Shija kwa mikono miwili. Mikono miwili, mwanangu. Mimi siku hizo alikuwa ananiinulia kidevu tu. Chakula kilikataa kupita.

Ndipo nikakumbuka kitu. Shija hakuzaliwa pale. Alikuja na mama yake kutoka upande wa Maswa akiwa mtoto wa kama miaka mitano, baba yake amefariki, wakapewa kiwanja na ndugu yao. Na nafasi zile zilikuwa za watu wa vijiji vyetu. Nikaona nimeshaipata njia. Sikuuita wivu. Niliuita haki. Nilivaa shati safi nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Limi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyekuwa hajui kuharakishwa. Nilimkuta uani, ameketi mbele ya lundo la pamba, anachambua. Pamba nyeupe anaiweka kulia, ile chafu yenye madoa, tunayoiita fifi, anaiweka kushoto.

"Shikamoo, mayu." Mayu kwetu ni mama.

"Marahaba, Maganga. Kaa hapo uchambue. Utaongea huku mikono inafanya kazi."

Nikakaa. Nikaanza kuchambua na kueleza. Nikasema sina ubaya na mtu, ila kijiji kina watoto wake, na kama nafasi za watoto wa kijiji zinachukuliwa na watu wa kuja, kesho vijana watamlalamikia yeye mwenyekiti. Nilikuwa nimeyapanga vizuri maneno yale. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shija umemjua lini?"

"Tangu tunachunga, mayu."

"Mlikuwa mnachunga wapi?"

"Hapa hapa."

"Babu yako wewe alitoka wapi?"

"Kwimba."

"Nilimwona akija. Nilikuwa msichana. Alikuja na baiskeli moja na mke mgonjwa. Na wewe nikuandike mtu wa kuja?"

"Hiyo ni zamani, mayu."

"Unajua ni kwa nini hawakukuchukua?"

"Sijui."

"Uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Haikuwa imenipitia kichwani kwamba mtu anaweza kuuliza.

"Mimi niliuliza," akasema. "Ulikuwa kijana wa kijiji changu, nikamwuliza yule mama wa ajira. Akaniambia huyu kijana ana nguvu na anajua mwamba, ila atatuulia watu. Atabaki kufuata chuma na wenzake hatawaambia kitu. Na akasema tumemwambia kazi ni ya matope, yeye akatupa mwezi mmoja." Alitoa jani kwenye pamba. "Wewe ulienda pale kuwasimulia unavyojiona. Wao walitaka kujua kazi yao utaifanyaje. Hukusikia walichokuuliza, Maganga. Ulisikia ulichotaka kuulizwa."

Nikaendelea kuchambua.

"Angalia mikono yako," akasema. "Unatia fifi kwenye nyeupe tangu ulipokaa. Inuka, nenda. Kesho asubuhi pitia hapa, nitakupa barua ya Shija umpelekee mwenyewe."

Nilitoka nimeinamisha kichwa, lakini nikufiche nini, nilipofika barabarani nikaanza kupata matumaini. Nilijiambia amenikaripia kwa sababu ya utu uzima wake, ila neno langu limemwingia. Barua ya kukataa ndiyo ananipa nipeleke, ili iwe adhabu yangu kumtazama Shija usoni. Adhabu hiyo niliiona nyepesi. Asubuhi aliponipa bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi, na mimi sikuifungua. Ilikuwa Alhamisi.

Nilimkuta Shija kwao, ndiyo kwanza ametoka zamu, udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Nikashangaa.

"Bado unashuka? Wewe si umeshapata mgodini?"

"Sijapata, nkoi. Nimeitwa kupimwa. Wanaweza kukuta kifua kibaya, au wakabadilisha maneno. Nikisaini nitaacha." Akanawa mikono. "Hata mama nimemwambia asimwambie mtu bado. Ila kijiji hiki kinajua kusoma."

Nilimpa bahasha. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha chafu, nakuambia ukweli, nilitaka nione uso wake ukibadilika. Aliifungua, akasoma polepole, akarudia. Halafu akaniangalia, akaisoma kwa sauti. Barua ilisema Shija ni mkazi wa kijiji, amekulia hapo, ana tabia njema. Chini kulikuwa na muhuri na sahihi ya Mama Limi. Na chini ya hapo kulikuwa na mstari mtupu, umeandikwa: Shahidi, Maganga, jirani aliyekua naye.

"Inabaki sahihi yako," akasema Shija. "Bila hiyo haijakamilika."

Yule mama alikuwa ameiweka kazi ya mwenzangu mikononi mwangu. Ningeweza kusema sina kalamu. Ningeweza kusema nitarudi kesho jioni, na kesho jioni Ijumaa mchana ingekuwa imepita, na hakuna ambaye angenipeleka popote kunishtaki. Nilisimama pale jua linanipiga utosini.

"Shija," nikasema, "mimi nilikwenda kwa mwenyekiti kumwambia wewe ni mtu wa kuja."

Hakushtuka. Alikuwa anatoa udongo sikioni kwa kidole kidogo.

"Najua. Uani kwa Mama Limi kuna watu zaidi ya wale unaowaona."

"Na hukunifuata?"

"Nikufuate nifanyeje? Ungeitwa wewe nikaachwa mimi, na mimi ningechukia. Ningekaa ndani siku mbili. Ila kwa mwenyekiti nisingeenda." Akaniletea kalamu kutoka ndani, akageuza beseni ili iwe meza. "Kama hutaki, niambie sasa hivi nirudi kwake abadilishe jina la shahidi. Bado kuna muda. Usinizungushe tu."

Usidhani moyo wangu uliyeyuka. Haukuyeyuka. Nilipiga magoti mbele ya beseni lile na wivu wangu wote ukiwa mzima, nikasaini. Herufi zangu zilikwenda juu na chini kama njia ya ng'ombe. Shija akaupuliza wino, akaikunja barua.

"Wabeja," akasema. Asante, kwa Kisukuma. Halafu akaenda kuoga.

Walimpima, wakamkuta mzima, akaanza kazi kwa kuondoa matope. Mimi nilirudi duarani, nafasi yangu ikiwa na mwenyewe, na yule wa Kahama alikuwa mchimbaji mzuri kuliko nilivyotaka. Nikapewa kazi ya kuvuta kamba juu. Ndiyo, kamba. Walinicheka wakachoka wenyewe. Baba Kabula alinisubirisha misimu miwili ya pamba kabla ya kunipa tena kiti, na Kabula, ambaye leo ni mama Doto, mpaka sasa akitaka kunishusha bei mbele ya wageni anauliza, "Baba Doto, ile nyumba ya umeme ya mwezi ujao iliishia wapi?" Kutoka kwenye kuvuta kamba nikanunua mawe, kutoka mawe nikapata karasha moja, na mengine umeshayasikia.

Shija alipanda. Leo anawafundisha wapya jinsi ya kutoka chini salama. Ukipiga hesabu ya mali namzidi mbali, hapo hata yeye hatabisha. Lakini yeye akiumwa anaonyesha kadi ya bima. Akichoka anapewa likizo kwa barua. Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipa likizo. Basi la wafanyakazi likipita asubuhi mbele ya uwanja wangu, huwa natazama kama yuko dirishani, na akinipungia mkono namjibu, halafu nawakaripia vijana wangu bila sababu.

Nimekueleza haya kwa sababu mwezi huu peke yake wamekuja uwanjani kwangu vijana saba na bahasha zao. Mmoja ana stashahada. Nilimwambia kazi iliyopo ni kulisha mawe kwenye karasha, akaniuliza ofisi yake itakuwa wapi. Nilitaka kumcheka, nikajiona mimi kwenye lile darasa. Mwingine alikuwa ameitwa usaili huko Geita, akaacha kibarua chake siku hiyo hiyo, na sasa ni mwezi wa pili anaitazama simu kama inadaiwa maelezo.

Kwa hiyo mwanangu, shika haya. Ukiitwa kwenye usaili, umeitwa kuulizwa. Furahi, piga pasi shati lako, fika mapema, lakini kibarua ulichonacho usikiache mpaka uwe umesaini. Omba ruhusa ya siku moja kama Shija. Wakwe, marafiki na watu wa sokoni hawana haja ya kujua habari ambayo wewe mwenyewe huijui bado. Soma tangazo linataka mtu wa kazi gani, na kama kazi yenyewe ni ya matope, amua nyumbani kwako kama matope unayaweza. Usiende kuamulia mezani kwao. Ukiulizwa swali, sikiliza swali. Ujasiri wa kijiweni kwako unaweza kuwa hatari mahali pengine, na hutajua mpaka ujiulize wale wenye kazi wanaogopa nini.

Tuma maombi mengi, ili moja likikataa yasiwe maisha yako yote yamekataa. Wakinyamaza muda mrefu, uliza kwa adabu mara moja, kisha endelea na shughuli zako. Wakikukataa, uliza ulipungukiwa nini. Mimi niliambiwa na mtu mwingine, kwenye pamba, tena nilistahili.

Na akichukuliwa rafiki yako wewe ukabaki, utamwonea wivu. Sitakudanganya kwamba hautakuja. Kaa nao ndani siku mbili, tatu, usile kama chakula kinakataa. Ila miguu yako usiikubalie ikupeleke kwa mwenyekiti. Na kama imeshakupeleka, rudi ukaseme ulichofanya, mapema, wakati mwenzio bado anaweza kutafuta shahidi mwingine.

Mungu akufungulie mlango ulio saizi yako, na ukifunguliwa wa mwenzako kwanza, akupe nguvu ya kumshikia asiangukiwe nao. Akupe kazi ambayo utarudi kutoka kwayo ukiwa mzima, uwakute wanaokusubiri, mle. Nenda salama, mwanangu.